Ekari Mia na Arobaini za Dadeso

Mstari wa Nne, Dadeso, Kumasi
15 Januari 1996

Mpwa wangu Adwoa Sakyibea,

Tumepoteza ekari mia moja na arobaini. Tumezipoteza Jumanne iliyopita, tarehe tisa, saa nne asubuhi, karani wa jiji alipobandika ramani kwenye ukuta wa posta, akafuta gundi kwenye suruali na kwenda zake kunywa uji.

Sasa salamu, maana mama yako akijua nimeanza hivi ataniuliza kama nililelewa na mbuzi. Hajambo. Goti linamsumbua wakati wa kupanda ngazi, lakini wa kugombana halimsumbui. Mimi ni mzima. Mashine ya kukereza ni nzima kuliko mimi. Tumesikia mtoto wako ana surua. Mfunike vizuri, na umwambie mumeo Ebo asimpe dawa za kila jirani.

Jumamosi nilimfungua Antobam, yule mwanagenzi aliyemaliza miaka yake minne ya kujifunza kwangu. Tulimpaka poda nyeupe hadi nyusi zikapotea, nikamimina kinywaji chini, nikatamka mbele ya mashahidi: kuanzia leo mikono yako ni yako. Watu wakapiga makofi. Jumatatu asubuhi yuko mlangoni kwangu. "Bwana Fundi, mikono ni yangu. Niiweke wapi?"

Hilo ndilo jambo lenyewe. Tangu mwaka 1974 kila ramani ya jiji ina kipande cha zambarau ng'ambo ya kijito, kimeandikwa Akiba ya Viwanda. Mimi nimefungua vijana kumi na tisa, na kila mmoja nilimwonyesha kwa kidole: banana hapa kwanza, kule ndiko kwenu. Sasa kimepakwa njano. Makazi. Nyumba za watu wenye mageti.

Chini ya ramani kuna jedwali. Nilinakili. Karakana zilizopo Dadeso: 412. Zitakazokuwepo mwaka 2015: 744. Kila moja thumuni ya ekari, jumla ekari 93. Ardhi iliyopo: ekari 95. Kwa hiyo akiba haihitajiki. Nilirudia hesabu kwa chaki juu ya injini ya lori la mteja. Ongezeko la asilimia tatu kwa mwaka, miaka ishirini. Kuzidisha ni sahihi na kugawanya ni sahihi. Aliyepiga hesabu hii kasoma. Iliyooza ni namba ya kwanza.

Wewe uko Accra, kwenye ofisi ya wataalamu wanaochora mipango ya miji. Niulizie: nani alituhesabu 412? Nataka jina.

Mjomba wako,
Kwaku Nimo


Accra
27 Februari 1996

Mjomba mpendwa,

Shikamoo nyingi kutoka kwetu sote. Nisamehe kwa kuchelewa. Mtoto alipona surua, kisha ikaja kikohozi, kisha Ebo akahamishiwa zamu ya usiku bandarini Tema, nyumba ikawa kama stendi, huyu anaingia, huyu anatoka. Sasa tumetulia. Mwambie mama nimepata ile dawa ya kuchua, nitampa dereva wa basi. Asipake kabla ya kulala, inachoma. Na mpe Antobam pongezi zangu. Namkumbuka akiwa mdogo kuliko spana aliyoibeba.

Kuhusu jambo lako, nimeuliza. Namba ya karakana ilitokana na fomu za uwandani. Mwezi Machi mwaka jana vijana wa takwimu walipita Dadeso kiwanja kwa kiwanja, na kila kiwanja kilijaziwa fomu. Ofisini hawana njia nyingine ya kujua, Mjomba. Mtu akiulizwa akajibu, kinachoandikwa ni jibu lake. Ardhi ya viwanda inapangwa kwa kulinganisha watu waliopo na watakaokuja. Ikionekana inazidi, kila anayetaka kujenga nyumba anaivuta upande wake, na wapo wengi, na wana sauti.

Mpango haujapitishwa bado. Kutakuwa na siku ya kusikiliza pingamizi, tarehe sijaijua. Malalamiko matupu hayatasaidia. Hesabu hupingwa kwa hesabu.

Swali moja, bila nia mbaya. Wale vijana walipokuja Machi, mliwaambia nini?

Mpwa wako mtiifu,
Adwoa


Dadeso, Kumasi
4 Machi 1996

Mpwa wangu,

Dawa imefika. Mama yako alipaka kabla ya kulala. Mtaa mzima tulijua.

Watoto wa shangazi yako wa Mampong wamepita wote mtihani isipokuwa yule anayesema atakuwa mwanamuziki. Mvua ya kwanza imenyesha. Nimekula ampesi, viazi vikuu vya kuchemsha, kwa mchuzi wa majani ya kontomire wiki nzima kwa sababu aliyekuwa akinitwangia fufu amevunjika mkono.

Nilikuomba jina, ukaniletea swali kama polisi wa barabarani. Sitalijibu leo.

Ngoja nikupe namba, maana ndizo unazopenda. Kwenye kiwanja changu mimi ni fundi mmoja. Pembeni yangu, chini ya bati lilelile, yuko Sraha niliyemfungua mwaka themanini na saba, anachomelea. Nyuma yake Owiredu anatengeneza rejeta. Kuna ndugu wawili wa breki, na kuna mzee wa spring asiye na jamaa. Jumla sita. Kila mmoja ana wateja wake, wanagenzi wake, na kufuli lake. Antobam ni wa saba, na meza yake ameiweka juu ya mtaro, kwenye mbao mbili. Juzi mvua iliondoka na kisanduku chake cha vali. Kijana alikimbia na maji hadi darajani akipiga kelele, "Shikeni, shikeni!" kana kwamba ni mwizi. Watu walicheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikaacha, kwa sababu mimi ndiye niliyemwachilia kwenye mtaro.

Jana nilivuka kijito. Nikamkuta kijana wa kofia anapigilia vigingi.

"Mzee, usikanyage hapo."

"Hapo ni wapi?"

"Sebule ya mtu."

"Mtu huyo ana gari?"

"Watu wa hapa wote watakuwa na magari."

"Yakiharibika watayapeleka wapi?"

"Kwenu."

"Kwetu wapi? Tutakuwa tumejaa."

"Mzee, mimi ni wa vigingi tu."

Nimehesabu vigingi mia mbili na sita. Kila siku vinaongezeka.

Na jambo moja la mwisho. Nilirudi posta na miwani. Pembeni mwa lile jedwali, kwa herufi ndogo kama mguu wa sisimizi, imeandikwa: Limeandaliwa na A.S. Nauliza tu. Hapo kwenye ofisi yenu, A.S. mko wangapi?

K. Nimo


Accra
30 Aprili 1996

Mjomba,

Shikamoo. Watoto hawajambo. Ebo anakusalimu. Mvua huku zimeziba barabara ya sokoni. Mama ameniandikia kwamba huongei ukila. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara tatu.

A.S. tuko mmoja.

Mpango wa Kumasi ulipokuja ofisini kwetu, mkuu wangu alinipa sehemu ya viwanda kwa sababu mimi ni wa huko. Nilifurahi. Nilidhani nitawapatia ekari zaidi. Kisha zikaletwa fomu kwenye magunia mawili, zikajumlishwa, ikatoka 412. Kalamu ilisimama. Mimi nimelala chini ya meza yako nikifanya hesabu za shule, huku juu yangu watu sita wanagombania soketi moja ya umeme. Nilikwenda kwa mkuu nikamwambia, "Namba hii ni ndogo. Kiwanja kimoja pale hukaa mafundi watano, sita." Akasema, "Umeona kwenye fomu gani?" Nikasema sikuona kwenye fomu, najua. Akasema, "Kujua kwako hakubandikwi ukutani. Nenda kaniletee fomu moja tu inayosema hivyo."

Nikayafungua magunia. Nilianza na Mstari wa Nne. Kiwanja cha 131. Mafundi: mmoja. Wanagenzi: wawili. Mwenye kiwanja: Kwaku Nimo. Na sahihi ni ile iliyokuwa kwenye ripoti zangu zote za shule, yenye mkia mrefu.

Nikatazama fomu arobaini za mstari ule. Zote mmoja. Mistari yote kumi na miwili, mmoja, mmoja, mmoja. Ningefanyaje, Mjomba? Niandike kwamba mjomba wangu na wenzake wote mia nne ni waongo?

Siku ya pingamizi imetangazwa. Ijumaa tarehe 14 Juni, ukumbi wa jiji, saa tatu asubuhi. Karatasi itakayokuwa na nguvu ni hesabu mpya, iliyoambatanishwa na tamko la mtu aliyetia sahihi ile ya kwanza, akieleza kwa nini haikuwa kweli. Zisipopatikana, njano itabaki njano.

Adwoa


Dadeso
13 Mei 1996

Adwoa,

Mama yako hajambo. Mimi sijambo. Siku kumi barua yako imekaa mfukoni mwa ovaroli, imeshika grisi mpaka maneno mengine hayasomeki, lakini yale ya kiwanja cha 131 yanasomeka.

Uliuliza tuliwaambia nini. Haya.

Mwaka 1993 walikuja watu wa jiji na madaftari wakahesabu makontena yote ya barabarani. Tukawakaribisha, tukawapa maji baridi, tukawaonyesha hata yaliyojificha. Baada ya wiki tatu kila kontena lilibandikwa stika ya ushuru. Waliokosa kulipa walifungiwa. Mzee wa spring alifungiwa na chakula chake kikiwa ndani.

Kwa hiyo Machi mwaka jana niliposikia wahesabuji wanakuja tena, niliita mkutano. Mimi ni mwenyekiti. Nilisimama juu ya gurudumu la trekta nikasema: "Kiwanja kimoja, fundi mmoja. Wengine siku hiyo ni wateja, au ni shemeji mmekuja kusalimia." Watu walicheka hadi machozi. Sraha aliuliza, "Bwana mwenyekiti, na mimi mwenye mashine ya kuchomelea mkononi?" Nikamwambia, "Wewe ni shemeji unayependa moto." Vijana wa takwimu walipita siku tatu. Hakuna aliyekosea. Kwa mara ya kwanza katika historia ya Dadeso watu mia nne na zaidi walishika neno moja. Nilijiona mwerevu. Jioni yake niliwanunulia wenzangu vinywaji.

Hapana aliyetuambia kwamba kuna hesabu ya ushuru na kuna hesabu ya ardhi. Karatasi ni ileile, vijana ni walewale, kofia ni zilezile. Mtu akija na daftari Dadeso, mtu wa Dadeso anapungua.

Lakini nisikilize wewe nawe. Fomu ziliingia ofisini kwenu Machi. Ramani ilibandikwa Januari. Miezi kumi. Kila wiki basi linatoka Accra kuja hapa, na dereva hukuletea mhogo wa mama yako. Miezi kumi, mstari mmoja tu: "Mjomba, hii 412 ni nini?" Hukuuandika. Kwenye barua yako ndefu hukusema kwa nini.

Tamko unalolitaka siwezi kulitoa. Nikisimama ukumbini kusema nilidanganya, kesho yake stika zitakuja kwa kila mtu niliyemficha. Watasema nimewauza ili nisafishe jina.

K. Nimo


Accra
23 Mei 1996

Mjomba,

Shikamoo. Tuko wazima, na mama namsalimu sana.

Naandika haraka, dereva anasubiri. Zimebaki siku ishirini na mbili. Nimeweka ndani fomu tupu na mfano wa tamko. Hesabu lazima itaje mistari yote kumi na miwili, la sivyo watasema mmechagua iliyojaa. Andika kwa herufi kubwa. Ambatanisha ramani, hata ya mkono.

Mimi sitakuwepo tarehe 14. Mkuu amenipa kazi Takoradi wiki hiyo. Wakikuuliza jedwali lilitengenezwa na nani, sema ofisi. Nakuomba jina langu lisitajwe. Usiniulize zaidi.

Adwoa


Mstari wa Nne, Dadeso
3 Juni 1996

Adwoa Sakyibea,

Mama yako anakusalimu. Alisoma barua yako ya mwisho kabla yangu, akaikunja, akaiweka mezani akasema, "Kaka, wewe ulimfundisha hesabu. Nani alimfundisha kujificha?"

Niliitisha mkutano Jumatatu iliyopita. Safari hii sikupanda juu ya kitu. Niliwaambia yote: stika, fomu, 412, zambarau kuwa njano. Nikawaambia neno lililotupotezea ekari zile lilitoka kinywani mwangu. Kisha Maame Fosuaa, muuza vyuma chakavu, akasema, "Mwenyekiti, sote tunajua wewe ni hodari wa hesabu. Ila siku ile ulihesabu kwa kidole kimoja." Walicheka. Hawakucheka kama mwaka jana.

Sraha akasema, "Ulituficha, sasa unataka kutufichua. Tuamue sisi ni nini leo, mafundi au shemeji?"

Nikasema, "Anayetaka mwanawe akae juu ya mtaro abaki shemeji."

Tuligombana hadi jua lilipotua. Mwishowe ikaonekana walichoogopa ni daftari, si hesabu. Basi tuliweka pipa moja tupu katika kila mstari. Kila fundi anayejitegemea anatumbukiza nati moja. Kila mwanagenzi anatumbukiza washa moja, kile kipete cha chini ya nati. Hakuna jina, hakuna kalamu. Anayetumbukiza mbili anapigwa faini na mstari wake, na walipatikana watatu, nao wamelipa. Siku nne. Jumamosi tulimwaga mapipa yote juu ya turubai, mbele ya mchungaji, imamu na mwalimu mkuu wa shule ya msingi, tukahesabu mafungu ya kumi kumi.

Nati 2,163. Washa 3,940.

Sasa nikokotolee kama mimi ni mjinga. Mafundi 2,163 kwa asilimia yenu ileile tatu, miaka ileile ishirini, watakuwa 3,907. Sitaki thumuni ya ekari. Nawapa nusu ya thumuni, wabanane. Ekari 244. Tunazo 95, na ile akiba 140, jumla 235. Hata mkiturudishia kipande chote cha zambarau hadi kigingi cha mwisho, bado zinapungua tisa. Ofisi yenu iliandika akiba haihitajiki.

Wanagenzi wa washa zile zote watafunguliwa. Tutawapaka poda, tutawapigia makofi. Jiji halikuwa na safu ya watu wa namna hiyo kwenye jedwali lake, kwa sababu hakuna fomu inayouliza, "Nani ataachiliwa lini?" Lakini wewe ulijua. Ulikuwa unatwanga pilipili za sherehe zao.

Tamko nimelitia sahihi juzi, yenye mkia mrefu. Nimeandika kwamba nilidanganya, kwamba niliwafundisha wengine, na kwamba ushuru wangu wa nyuma nitalipa mimi. Ushuru wao nimeomba uanze kuhesabiwa siku ya tamko, wala usirudi nyuma. Hawajanivua uenyekiti. Si heshima. Wanasema wa kuaibika ukumbini ni mwenye sahihi, kisha watachagua mwingine tarehe 15.

Mimi nimeshavuka. Umebaki wewe.

Kamati itaniuliza swali moja tu, na mtu yeyote mwenye akili angeliuliza: "Mzee, mwaka jana mlisema 412 mkatia sahihi. Mwaka huu mnasema 2,163 mnatia sahihi. Uongo ni upi?" Nikijibu mimi, ni neno la mwongo juu ya neno la mwongo. Nati haziwezi kusema. Kuna mtu mmoja tu upande wa pili wa meza ambaye alijua namba ile ni mbovu kabla hatujalalamika, aliyemwambia mkuu wake hivyo kwa mdomo wake, na ambaye mkuu huyo hawezi kumkana machoni. Akisimama mtu huyo, ekari mia na arobaini zina nafasi. Asiposimama, hazina. Nimeipima pande zote kama ninavyopima kranki, sioni njia ya tatu.

Najua gharama yake. Kazi yako. Pengine na jina lako kwenye ofisi zote za namna hiyo. Nisingependa kukuomba. Lakini usiniambie Takoradi. Takoradi ipo siku zote.

Wala sitaki barua ndefu. Nimechoka na surua na kikohozi na barabara ya sokoni. Nimemwagiza Bediako, yule dereva wa basi. Jumatatu tarehe 10, saa kumi alasiri kamili, atasimama kwenye mlango wa ofisi yako, injini ikiwaka. Hatakaa, hatakunywa maji. Atakuuliza maneno haya, nami nayaandika hapa ili usiseme aliyageuza:

Ijumaa tarehe 14, saa tatu asubuhi, utasimama katika ukumbi wa jiji la Kumasi useme kwamba siku ulipoiandika 412 ulijua si kweli?

Mjibu neno moja, ndiyo au hapana. Ikifika saa kumi na dakika tano hujatoka, atang'oa gari, na mimi nitaandika hapana.

Kwaku Nimo